Picha ya Kichwa cha Fundi

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na cherehani ya Fundi. Asubuhi hiyo Fundi hakufungua kazi. Alikuja na bahasha kubwa ya hospitali, akakaa pembeni kabisa, mikono ameibana katikati ya magoti isitetemeke. Hana mke wala mtoto, anaishi peke yake, kwa hiyo majibu ya hospitali hana wa kumwonyesha ila sisi. Nasi, Mungu atusamehe, tukayapokea kama gazeti la bure.

Profesa, ambaye usomi wake wote ni wa magazeti ya kuazima, akainua picha juani.

— Hiki ni kichwa?

— Changu, akasema Fundi. Mashine inakipiga picha vipande vipande, kama mkate wa slesi. Hayo mabaka meupe katikati, kulia na kushoto, ni chokaa. Ndiyo inayonitetemesha.

— Chaki hiyo! Profesa akadakia. Miaka thelathini unachora vitambaa kwa chaki, unapuliza, unavuta. Imekupanda kupitia puani.

— Acha uongo wewe, akasema Tanki, fundi bomba wetu. Ni maji ya mtaa huu. Hujaona birika linavyoota ukoko mweupe? Kichwa nacho birika. Anywe siki.

— Siki itamtoboa!

— Basi alale kichwa chini miguu juu, itamwagika yenyewe.

Tukacheka mpaka kahawa ikatupalia. Fundi hakucheka.

— Wamepima na damu, haina tatizo, akasema. Daktari anasema chokaa ya namna hii mara nyingi ni ya kurithi. Anataka ndugu yangu naye apigwe picha.

— Nipelekeni mimi! Tanki akajipiga kifua. Miaka ishirini tunakaa benchi moja. Ndugu gani tena?

— Na mimi nitakwenda, nikasema, na sikuwa natania.

Fundi akatutazama mmoja mmoja. Niliona machozi yanamlengalenga, roho ikaniuma.

— Asanteni. Anataka wa damu.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama karibu na cherehani. Hatukumjua. Alifuata sare ya binti yake, na kwa kelele zetu alikuwa amesikia yote.

— Kwani fundi huna ndugu wa damu?

— Ninaye kaka, mmoja tu. Nilimfukuza nyumbani, huu mwaka wa tisa. Sijui hata anaishi wapi.

— Chupa huyo! Profesa akamfafanulia mgeni. Mlevi yule, mama, wewe acha tu. Asubuhi yote anapepesuka. Kikombe hakishiki bila kumwaga. Akiongea, maneno yamelegea kama ya mtoto.

Jina la Chupa nililitoa mimi. Lilipendwa sana, likaenea mtaa mzima. Mwenyewe alikuwa akicheka nasi, kisha anaanza kueleza jambo, polepole, na hakuna aliyekuwa na subira ya kumngoja amalize.

Mama akaitazama ile picha. Akaitazama mikono ya Fundi.

— Mlimwona akinywa nini?

Profesa akaishusha picha, akaanza kuirudisha kwenye bahasha, na haikuingia vizuri. Mimi nilitafuta kichwani siku moja tu, baa moja, hata harufu ya pombe kwenye shati lake. Sikupata. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

— Labda wewe fundi, mama akasema kwa upole. Wewe si ulikuwa unaishi naye?

Fundi alikuwa amesahau kuibana mikono, inampigapiga mapajani.

— Nilimwona akipepesuka, akasema. Ya pombe niliyasikia hapa.