Aliyenishika Mtini Akanishika na Mtihanini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana leo nimesimama mbele yenu na miguu yangu iko pakavu!

Mnanijua. Mimi ni Rehema, nimezaliwa hapa hapa Ngao, nikabatizwa katika kanisa hili. Wengi mlifurahi nami nilipoitwa chuo kikuu cha sayansi na uhandisi huko bara, kusomea hisabati. Si ile ya kujumlisha tu. Ni hisabati ya kutumika: daraja libebe uzito gani, maji yakijaa yatapita wapi. Ndugu zangu, niliipenda! Wenzangu walikuwa wakija chumbani kwangu niwaeleze walichokosa kuelewa darasani.

Lakini nikiingia katika chumba cha mtihani, nilikuwa mtu mwingine. Kifua kinabana. Mikono inatetemeka hadi kalamu inaanguka. Namba nilizozijua jana zinakuwa kama siafu waliomwagiwa maji, zinatawanyika tu. Kuna somo moja gumu, la milinganyo ya vitu vinavyobadilika. Nilianguka. Nikarudia, nikaanguka tena. Mara hiyo ya pili nilizimia, nikatolewa nimebebwa.

Mwalimu wa somo hilo akaniita ofisini. "Rehema, darasani unafundisha wenzako. Kwa mtihani unaandika jina peke yake. Una nini?"

Akaniambia kwa upole kwamba nafasi imebaki moja. Nikianguka tena, chuo ndiyo basi.

Nikarudi nyumbani kungoja siku ya mtihani huo. Wako waliosema nimerogwa. Wako waliomshauri baba anitafutie mume. Mama alifunga na kuomba.

Basi mvua ikanyesha kule juu, na mto ukatujia. Mliona wenyewe mashamba yalivyozama, na barabara ya Garsen ikapotea kabisa. Siku yangu ya kusafiri ikafika, na njia ilikuwa mtumbwi tu. Baba akakataa.

"Mtihani ni wa karatasi," akasema. "Maji haya yanachukua watu."

Mama akamwambia, "Akikaa hapa, hofu itamchukua. Mwache aende na ndugu yangu."

Ndivyo mjomba wangu Komora alivyonipeleka. Tulipita juu ya mashamba ya watu, tukiona vichwa vya migomba tu. Tulipokaribia mkondo, mtumbwi ukagonga gogo lililokuwa chini ya maji. Ukapinduka! Nilimeza maji, nikazama, nikaibuka, nikakamata tawi la mgunga. Miiba ikanichana, sikusikia. Nikageuka kumtafuta mjomba. Hayupo. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Nikapanda juu kidogo. Na juu yangu, kwenye tawi jingine, alikuwa amejikunja nyoka! Naye alikimbia maji kama mimi.

Ndugu zangu, hapo ile hali ikanijia. Ile ile ya chumba cha mtihani! Kifua kikabana, mikono ikaanza kutetemeka, vidole vikaanza kuachia. Nikajua nikizimia hapa, hakuna wa kunibeba. Nikalia, "Bwana Yesu, sikuombi digrii. Nitulize mikono tu, nisiachie!"

Haleluya! Alinijibu! Sikuona nuru, sikusikia sauti. Pumzi ilishuka tu, polepole, kama mtoto anayebembelezwa. Mikono ikatulia. Nikamtazama yule nyoka, naye akanitazama, tukakaa kila mmoja na tawi lake.

Jua lilikuwa limeshapinda mashua ilipotokea. Ilikuwa ya vijana wafugaji wa Kiorma waliokuwa wakihamisha ndama na wazee kwenda mahali palipoinuka. Na ndani ya mashua, amejifunika gunia, alikuwa mjomba Komora! Walimtoa majini mapema, akakataa kupelekwa nchi kavu mpaka wanitafute. Nililia, naye akalia.

Kambini kwao mama mmoja, Mama Hadija, alinivua nguo zilizolowa, akanivisha dera lake, akanipa chai ya maziwa. Nikamwambia sitakwenda tena, nimechoka, vitabu na kikokotoo vimebaki kwa mamba.

Akanikazia macho. "Mungu ametoa wewe kwa maji. Sasa wewe nataka kaa hapa kwangu kufanya nini? Enda! Mimi taomba kwa dua yangu, wewe omba kwa yako."

Vijana wake wakanifikisha barabara ya lami, nikapata basi. Niliingia katika chumba cha mtihani na dera la Mama Hadija, mikono imejaa mikwaruzo, kikokotoo cha kuazima. Nikafunua karatasi. Swali la kwanza: tangi linaingiza maji huku na kuyatoa kule, litajaa lini? Ndugu zangu, nilicheka peke yangu! Kifua kilitaka kubana, nikamwita yule yule niliyemwita mtini. Pumzi ikashuka. Nikaandika mpaka msimamizi akasema wekeni kalamu chini.

Nimepita! Nimepita vizuri, na masomo yangu nimeyamaliza. Mwalimu wangu amenitaka nirudi kusoma zaidi, nifanye hesabu za mto huu wetu, watu wa vijiji vya Ngao na Ozi wapate kuonywa mapema.

Ninamshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, mjomba, na majirani zetu Waorma. Na wewe unayetetemeka kimyakimya, mwenye mtihani, mwenye kesi, mwenye ugonjwa usioweza kuutaja, usingoje hofu iishe ndipo umwite. Mimi nilimwita nikiwa nimelowa, nimekauka sauti, na nyoka juu ya kichwa, naye akasikia. Mwite leo. Atasikia na wewe.