Mzee Ezron Anaomba Mifupa Yake

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mchungaji na Shehe, mliokubali kukaa meza moja chini ya turubai la gereji. Afande wa usalama barabarani. Wakwe zetu mliotoka Ipogolo. Ndugu mafundi, madereva na wafanyabiashara wenzangu wa Mwanjelwa. Na wewe, Mzee Ezron, ambaye leo umevaa koti na nusu ya watu hapa hawajakutambua: Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, na kwa lugha ya mwenye gereji, ndaga fijo, asanteni sana kwa kuja.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Batuli Muharami, muuza vipuri hapo ng'ambo ya barabara na katibu wa umoja wetu. Nasimama kwa sababu Mzee mwenyewe, tunayemuaga leo, ameniomba. Kifua chake bado hakijakubali maneno mengi. Aliniambia, "Batuli, sema wewe. Huongezi chumvi, na tarehe hukosei." Nitajitahidi, ingawa jambo lenyewe ni kubwa kuliko mimi.

Mzee Ezron amenyoosha magari kwa miaka arobaini na moja. Gari liliingia hapa limekunjamana kama shuka la mgonjwa, likatoka mwenyewe akalipita uani bila kujua ndilo lake. Hakuwahi kukataa gari. Hakuwahi kuficha ufa kwa rangi. Vijana wangapi mliokaa hapa mlishika nyundo yenu ya kwanza mkononi mwake? Simameni tuwaone. Asanteni, kaeni.

Lakini sifa iliyomtoa Mwanjelwa na kumfikisha Tunduma, Tukuyu na Makambako ni nyingine. Ni mfupa.

Mnajua alivyokuwa akimpokea mteja mwenye gari la kisasa. Hakumsalimia kwanza. Aliinama, akagonga mlango kwa kiungo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Linalia debe hili. Wamekuuzia kopo." Kisha alimshika mkono akampeleka kwenye pikapu yake ya mwaka 1971, akagonga, ngo, ngo. "Unasikia? Chuma kinajibu." Mteja akisikia hivyo alikuwa amekwisha. Aliacha gari siku mbili, na lilipotoka lilikuwa na pande la chaneli, chuma kinene cha mfereji, nyuma ya bampa la mbele, limechomelewa mpaka kwenye chesisi. Huo ndio mfupa. Watu walilala usingizi mzuri kwa ajili yake.

Ni mtu mmoja tu aliyemkatalia, na amekaa pale mbele na ovaroli mpya. Esnath, binti yake, alipotoka chuo cha ufundi na kununua kigari chake cheupe, baba yake alimsubiri getini na chaneli mkononi. Nilikuwa dukani kwangu; mtaa mzima ulisikia.

"Baba, gari langu si nyumba ya kutia nondo."

"Binti yangu, ukigonga ng'ombe na hilo kopo, ng'ombe ndiye atakayekupa pole!"

"Limetengenezwa likunjike, baba."

"Likunjike? Nani ananunua kitu kikunjike? Chuo chenu kimewafundisha kuogopa chuma!"

Tulicheka sana. Tulikuwa upande wa Mzee sote.

Ndugu wageni waalikwa, tarehe 14 Juni mwaka huu, siku ya Jumamosi, tulikuwa tunampeleka Brayson, mtoto wa mwisho wa Mzee, kuoa Ipogolo. Mzee alisema pikapu itangulie. "Chuma mbele, makopo nyuma." Alikuwa peke yake, na magauni ya wasimamizi yametundikwa nyuma ya kiti chake. Aliyemfuata ni Esnath na kigari chake, amembeba Shangazi Tekla, dada yake Mzee. Sisi wengine tulikuwa nyuma yao na bwana harusi kwenye basi dogo, tunaimba.

Sao Hill tulikuta ukungu ule mnaoujua, unaoshuka kwenye misitu ya misonobari ukafuta barabara. Kwenye kona kulikuwa na lori la magogo lililoharibika, limekaa kiubavu, bila hata tawi la kumwonya mtu. Mzee aliligonga upande wa magurudumu ya nyuma. Esnath alivuta usukani asimgonge baba yake, akaligonga lilelile upande wa mbele. Lori moja, ukungu mmoja, mwendo uleule. Dereva wetu aliwahi kusimama, Mungu ashukuriwe.

Tulishuka tukikimbia, na wote tulikimbilia kigari cheupe. Kwa nini? Kwa sababu hakikuwa na uso tena. Boneti ilikuwa imejikunja mpaka karibu na kioo, gurudumu moja limelala chini, vumbi jeupe linatoka ndani. Nikasema moyoni, hapa tumekuja kubeba maiti. Pikapu sikuitazama mara mbili. Ilikuwa imesimama kama imeegeshwa; bampa limepinda kidogo, taa zote mbili zinawaka.

Mlango wa kopo ukafunguka. Esnath akatoka. Akazunguka, akafungua wa pili kwa mkono mmoja, akamtoa Shangazi, kilemba kichwani, uso umejaa unga mweupe.

"Esnath, tumeshakufa?"

"Hapana, shangazi. Hilo ni puto tu la usalama, limepasuka."

"Basi mbona nimevaa nyeupe?"

Shangazi, usijifiche, wanakupigia makofi.

Kisha Esnath akauliza, "Baba yuko wapi?" Tukageuka wote. Kwenye ile pikapu nzima, yenye taa zinazowaka, hakuna aliyekuwa akitoka.

Chuma cha usukani kilikuwa kimemsukuma Mzee kifuani na kumbana kwenye kiti. Mbavu sita, bega la kulia, na goti lililokutana na dashibodi isiyojua kuvunjika. Mkanda haukuwepo, haukuwahi kuwepo. Tulimtoa kwa mtaimbo. Brayson alifunga ndoa wiki tano baadaye, baba yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Mwezi Agosti, magari yote mawili yalipoletwa hapa uani, Mzee alikuja kwa magongo kuyatazama. Tulikuwepo wachache. Alianza na pikapu. Alifungua boneti, ikafunguka, akaifunga, ikafunga. Akautazama usukani uliopinda kama upinde. Kisha akaenda kwenye kile cheupe, akapiga goti lake zima chini, akaanza kupima kwa shubiri kuanzia puani mwa gari. Hapa limejikunja. Hapa limejikunja tena. Hapa mkunjo umepungua. Hapa, mbele ya miguu ya binti yake, limeacha. Alirudia kupima. Ukingo wa mlango ulikuwa umenyooka kama siku lilipotoka kiwandani.

Fundi mmoja akauliza, "Mzee, hili tuanze kulinyoosha Jumatatu?"

Akasema, "Hili sinyooshi." Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na moja. "Huyu ni mlinzi aliyefia zamuni. Humwamshi arudi lindoni."

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonileta hapa mbele yenu. "Gari la Esnath liliumia, Esnath hakuumia. Langu lilikataa kuumia, nikaumia mimi kwa niaba yake."

Ndugu zangu, mimi nauza vipuri. Vioo vya mbele vinanifikia dukani vimezungukwa na majani na vipande vya godoro. Sijaona mtu anafunga kioo kwa nondo ili kisivunjike. Hili tulilijua kwa kioo. Kwa nini hatukulijua kwa mtu? Na bado nashangaa. Kuna mtu, sijui wa nchi gani, hajawahi kufika Mbeya, hajui kama Shangazi Tekla yuko duniani, aliyekaa mezani kwake akaiwazia miguu ya Shangazi Tekla. Akaamua chuma kivunjike wapi, kwa zamu gani, kiishie wapi, ili kipigo kitakapofika kwake kiwe kimechoka. Nikilitazama gari lile nashusha sauti, kama niko msibani na kwenye ubatizo kwa wakati mmoja.

Nakusikia, Obeid, unamnong'oneza jirani kwamba chuma ni chuma. Cheka, lakini gari lako lina mfupa. Gari la Afande lina mfupa. Humu uani leo nimepita nikaona mengi, na familia zenu zitapanda jioni kurudi nyumbani. Mfupa ule haulindi mtu. Unamkataza mlinzi asife, na asipokufa yeye, kipigo kinapita hadi kwenu.

Umoja wetu ulitaka kumuaga Mzee kwa kiti cha kupumzikia na blanketi. Amekataa vyote. Anaomba zawadi moja: mifupa yake. Kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi Esnath, mmiliki mpya wa gereji hii, atawasha grainda la kukatia chuma, na kila gari lililotiwa mfupa hapa litaondolewa mfupa huo bila mwenyewe kulipa chochote. Mzee atakaa pembeni amwoneshe kila alipochomelea, kwa sababu anakumbuka kila moja, na ndiyo maana halali. Chaneli zote zitakazotoka zitachomelewa ziwe geti la gereji hii. Getini ndipo chuma kinapofaa kukataa.

Mzee Ezron, ulitufundisha kugonga na kusikiliza. Leo umetufundisha kupima upya ulichokuwa umekiamini maisha yako yote, mbele za watu, ukiwa hai. Sijui lililo gumu kuliko hilo.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wakwe zetu kwa uvumilivu wa wiki tano, nawashukuru nyote mlioacha kazi mkaja. Mzee asingependa kusubiri Jumatatu kwa gari la kwanza. Grainda liko pale kwenye meza ya kazi, na umeme upo. Mheshimiwa Diwani, gari lako alilitia mfupa mwenyewe mwaka juzi, na dereva wako anatazama chini. Asanteni kwa kunisikiliza. Mheshimiwa, tunaomba funguo.