Jenoveva Wegesa Machage, Fundi wa Blauzi Zisizobana

Marehemu Jenoveva Wegesa Machage alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika kijiji cha Buswahili, Butiama, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Machage na Mama Helena. Alisoma shule ya msingi Nyamuswa, Bunda, akiishi kwa shangazi yake, akamaliza mwaka 1986. Hakuweza kukaa kitako. Mwalimu alimhamishia kwenye dawati la mlangoni, akamwambia, "Ukitaka kutoka, toka bila kukanyaga wenzako."

Alijifunza ushonaji mjini Musoma, kisha akafungua kibanda cha cherehani karibu na soko la Mwigobero. Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na Bwana Onesmo Mniko, wakajaliwa watoto watatu.

Novemba 2020 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji Mwanza, na Juni 2021 akaanza mionzi, vipindi ishirini na tano. Manesi walimfundisha kuoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kujikausha bila kusugua, kuvaa nguo pana na kupaka krimu waliyompa wao tu. Wiki ya tatu kwapa lilianza kuwasha na kuwa jeusi. Mdogo wake Marcelina, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, hakuvumilia kumwona akihangaika. Alimpaka mafuta yenye unga wa mizizi, aliyouziwa sokoni. Baada ya siku mbili ngozi ilichubuka, na mionzi ikasimamishwa kwa siku tisa.

"Mama, umepaka nini hapa?" nesi aliuliza.

"Nimejipaka tu mwenyewe," Jenoveva alijibu.

Haikuwa kweli. Marcelina alikuwa amesimama pale pale, akanyamaza.

Ngozi ilipopona alimaliza vipindi vyote. Tangu hapo, kila aliposikia kuna mama anakwenda mionzi, alifunga kibanda, akapanda basi, hata mpaka Nyamuswa, kumpelekea blauzi ya pamba isiyobana kwapa. Hakungoja chai. "Usipake kitu bila kumwuliza nesi," alisema, akaondoka.

Oktoba 2024 saratani ilionekana kwenye mifupa. Marcelina alimwuliza daktari kama ni kwa sababu ya zile siku tisa. Daktari alisema hakuna awezaye kujua. Marcelina hajatulia mpaka leo. Alipomwomba dada yake msamaha, marehemu alimshika mkono.

"Nilikusamehe siku ileile, mdogo wangu. Ila kwenye mazishi yangu watakuja wamama wengi. Waambie ulivyofanya, wasipakage vitu ovyo."

Jenoveva alifariki nyumbani kwake Musoma, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto watatu, Prosper, Rhobi na Dorah, wajukuu wawili, mama yake mzazi, na mdogo wake Marcelina, ambaye leo amesema.

Bwana ampe dada yetu pumziko la amani.