Nilimkana Mama Mbele ya Mgeni

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Na nyinyi dada zetu wa Uganda mliokuja na wazee mnaowaangalia, karibuni, mzigo wetu wa kuuguza ni mmoja. Nashukuru kupewa kiti hiki. Wiki tatu nilikuwa nikikikwepa. Kila nikiulizwa, nasema nna mafua.

Wengi mnanijua kwa mambo mawili. Mimi ndiye yule wa Al Amerat anayechelewa kila Jumamosi akisingizia foleni ya barabara ya mlimani, na mimi ndiye mwenye sauti ya kukwaruza. Kuna mmoja humu aliwahi kuniuliza kwa upole kama navuta sigara. Sivuti, habibti. Hii ndiyo sauti iliyobaki. Zamani nilikuwa mwimbaji, na kule Ureno watu walikuwa wakikata tiketi kuja kunisikiliza.

Tulikubaliana humu ndani hatutaji majina, basi nami sitataja la mtu yeyote, hata la mama yangu.

Mama yangu ni Mswahili wa Msumbiji ya kaskazini, karibu na mto Ruvuma. Baba yangu alikuwa Mreno, karani wa forodha. Walioana, wakanizaa mimi peke yangu. Nchi ilipopata uhuru, baba akatuchukua tukaenda Lisbon. Mimi nilikuwa na miaka minane. Mwaka wa pili baba akafariki, na mama akabaki katika mji ule na lugha aliyoijua nusu, mtoto mmoja, na baridi.

Akapata kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa mmoja mdogo. Mkahawa ule ulikuwa wa fado. Fado ni nyimbo za Wareno za huzuni na mapenzi. Ukitaka kuielewa, fikiria taarab ambayo hakuna anayeinuka kutunza, hakuna anayepiga kigelegele. Taa zinapunguzwa, magitaa mawili yanalia, mwimbaji anasimama na shali nyeusi mabegani, na ole wako ukigusisha kijiko kwenye sahani. Hata mama jikoni alikuwa akifunga bomba la maji mpaka wimbo uishe. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni mwa jikoni, nikasikiliza, nikashika nyimbo zote.

Nilipofika miaka kumi na sita mwimbaji wao aliugua, wakanisimamisha mimi. Mama alinivua aproni kwa mkono wake akanivisha shali ya kuazima. Nikaimba. Nilipomaliza palikuwa kimya, nikadhani nimeharibu. Kumbe watu walikuwa wakilia.

Basi njia ikafunguka. Kutoka mkahawa ule nikaenda mkubwa zaidi, kisha santuri ya kwanza, kisha nikapata meneja. Meneja yule hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ila aliniambia, "Watu wanapenda fado itoke kwa mtoto wa mitaa ya Lisbon. Hayo ya Afrika yaache." Mimi rangi yangu mnaiona, nimemfuata baba, ningeweza kuwa mtoto wa mtaa wowote. Nikayaacha. Wakaandika kwenye santuri kwamba nimezaliwa Lisbon, nikasoma, nikanyamaza.

Sasa nafika kwenye jambo lililonitia yale mafua ya wiki tatu.

Siku moja, baada ya adhuhuri, alikuja mwandishi wa gazeti kunihoji nyumbani. Mama wakati ule alikuwa akiishi na mimi, amekwisha acha kazi. Akatuletea kahawa. Alikuwa amejifunga kanga, kichwani ana mtandio, kama alivyokuwa siku zote. Yule mwandishi akamtazama, akaniuliza kwa Kireno, "Na huyu ni nani?"

Ndugu zangu, nawaambia, palikuwa na nafasi ya pumzi moja tu. Na mimi katika pumzi ile nikasema, "Huyu anatusaidia kazi za nyumbani."

Mama alikwishakukijua Kireno zamani, vizuri kabisa. Aliweka vikombe mezani, kimoja kimoja, hakumwaga hata tone. Akanigeukia, akasema kwa Kireno, kwa adabu, "Kuna jengine, bibi?"

Nikasema hakuna. Akarudi jikoni.

Nilidhani mgeni akitoka tutagombana. Nilitamani tugombane. Mama alinipigia pasi shali yangu kama kawaida, akaniuliza nitakula nini. Miezi miwili baadaye akaniambia anakwenda Maskati kumtembelea mdogo wake aliyeolewa na Muomani, mtu aliyekulia Unguja. "Nakwenda kuwaona watoto wake," alisema. Akachukua sanduku moja. Hakurudi.

Na mimi nikaimba. Sitawadanganya kwamba nilikuwa nikilia kila siku, la. Niliimba Ufaransa, nikaimba Brazil, nikafika mpaka Japani. Safari moja ndege ilipita hapa Maskati, nikaenda kumuona mama, nikakaa saa nne, nusu ya saa zile nikizungumza kwa simu. Alinipikia wali wa nazi. Nilimwambia nimeshiba.

Kisha sauti ikaanza kunitoka. Kwanza noti za juu, halafu za kati. Daktari akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, wakanipasua. Nilipofungua kinywa baada ya wiki kadhaa za kukatazwa kusema, ndiyo ikatoka hii mnayoisikia. Meneja alinipigia mara mbili, ya tatu hakupiga. Nikajifungia nyumbani. Nilivyokuwa nikijituliza humo ndani sitaeleza, mbele yenu naona haya. Aliyewahi kujituliza vile ananielewa. Nilifika pahala pa kutofungua hata madirisha.

Hapo ndipo simu ya mama mdogo ikaja. Mama amepata kiharusi, upande wa kulia umelala, na maneno yamekwenda. "Njoo, kama unakuja," alisema, akakata.

Nilipofika nyumbani kwake Al Amerat, mama mdogo alisimama mlangoni, hakunipisha.

"Umekuja kuona, au umekuja kukaa?"

Nikamwambia, "Nimekuja kukaa, kama mtanitaka."

"Wa kukutaka si mimi," akasema, akanipisha.

Mama alikuwa kitandani. Aliniona, akageuza uso akatazama ukuta. Nyinyi mnaouguza mnajua, mgonjwa asiyeweza kusema anakwambia kila kitu kwa shingo. Nikimpelekea kijiko, anafunga kinywa. Mama mdogo akishika kijiko hicho hicho, anakula. Nikamuogesha, nikamgeuza, nikambadilisha mashuka, na yeye anatazama ukuta. Wiki ya tano nilimwambia mama mdogo jikoni, "Narudi zangu Ureno. Hanitaki."

Mama mdogo alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Miaka ishirini amekungoja. Wewe wiki tano zimekushinda?"

Nikavuta kiti, nikachambua mchele naye.

Siku hizo tukawa tunampeleka mama kwa mtaalamu wa matamshi, binti mdogo wa hapa hapa, mpole, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Yeye alitwambia jambo ambalo sikuwa nikilijua: mtu akipigwa na kiharusi maneno yakapotea, mara nyengine nyimbo hubaki, zimewekwa pahala pengine kichwani. "Mwimbieni," alisema. "Nyimbo za zamani, alizozizoea. Nani anaimba kwenu?"

Mama mdogo akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Jueni, siku ile ilikuwa mwaka wangu wa tatu bila kuimba hata bafuni. Sauti yangu nilikuwa nikiichukia kama mtu aliyenihini. Lakini tuliporudi nyumbani nikakaa kando ya kitanda, nikajaribu fado, ile ya kwanza niliyoimba nikiwa na miaka kumi na sita. Ilitoka kama mlango mbovu. Mama akafumba macho, na si kwa raha. Nikaacha.

Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa nikimchana nywele. Mkono wenyewe ndio ulionikumbusha. Nilipokuwa mdogo kule Msumbiji, mama akinisuka alikuwa na wimbo wake, wa kwake mwenyewe, sijausikia kwa mtu mwengine. Nikaanza, polepole, kwa sauti hii hii:

Kaa kitako nikusuke,
Mwana wa tumbo la shida,
Ukikua usinichoke…

Nikakwama. Mstari wa nne ulikuwa umenitoka. Nikarudia wa tatu, "Ukikua usinichoke," nikakwama tena, na kitana kiko mkononi.

Na mama yangu, ambaye miezi miwili hakuna aliyemsikia ila kuguna, akaimba: "Mama hana wa akiba."

Alivutavuta, ulimi mzito, lakini "akiba" ilitoka safi. Mama mdogo alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. Tukasimama tumemtazama. Mama naye alishituka kuliko sisi. Halafu akaniashiria kwa mkono wa kushoto: tena. Nikarudia. Akarudia. Tulirudia mpaka koo likaniwasha.

Kuanzia hapo maneno yakapita kwa njia ya wimbo. Tuliimba "nataka maji", tuliimba "funga dirisha", tuliimba "miguu inauma". Jirani zetu lazima walidhani tuna wazimu. Kidogo kidogo akaweza kusema bila ya kuimba, sentensi fupi fupi.

Lakini ndugu zangu, lile jambo lilikuwa bado limekaa baina yetu. Nilijua nikilingoja lijisemee, litakufa na mmoja wetu. Basi siku moja ya Ijumaa, mama mdogo amekwenda Sib kwa mwanawe, nikakaa chini kwenye zulia, mbele ya kiti chake cha magurudumu. Nikamwambia, "Mama, siku ile ya mwandishi nilikukana. Nilikuonea haya. Nimekuja kukuomba radhi."

Akafungua kinywa, akakifunga. Nilifikiri maneno yamemkataa. Kumbe alikuwa akiyapanga. Akasema, "Skuli. Getini."

Sikumfahamu. Akakasirika, akapiga mkono wa kiti. "Skuli! Nilikwambia… getini… usiniite mama."

Wallahi, nilikuwa nimesahau kabisa. Tulipofika Lisbon, siku ya kwanza ya skuli, mama alisimama mbali kidogo na geti, akainama, akanifunga vifungo vya koti. Akaniambia, wenzako wakiuliza mimi nani, sema ni mtumishi wa baba, wasije wakakucheka. Alikuwa akinikinga. Mtoto wa miaka minane nikaitikia, nikaingia skuli, na kila siku nikafanya hivyo hivyo.

Mama alikuwa akilia. Miaka yote ile mimi nilidhani ameondoka kwa hasira. Akasema, "Mimi… nilikufunza. Kosa langu."

Nikamshika miguu. "Mama, ulinifunza nikiwa mtoto. Siku ile ya kahawa nilikuwa mtu mzima. Hilo ni langu, niachie."

Akacheka, kicheko cha upande mmoja. Akasema, "Tugawane."

Basi tukagawana. 

Mwaka uliofuata, mpiga gitaa wangu wa zamani aliniita Lisbon, kwenye mkahawa mdogo, watu arubaini hivi. Nikamwambia sauti imevunjika. Akasema, "Nitashusha gitaa likufuate." Mama mdogo akabaki na mama, nikaenda siku sita. Kabla ya kuimba niliwaambia wale watu kwamba sikuzaliwa Lisbon, kwamba mama yangu ni Mswahili wa Msumbiji, anaishi Omani, na niliwahi kumkana mbele ya mgeni. Wawili waliinuka wakatoka. Waliobaki niliwaimbia nyimbo nne, ya tatu ikanikatikia katikati, gitaa likanimalizia. Sijawahi kuimba vibaya vile, wala sijawahi kulala vizuri kama nilivyolala baada yake. Wakanitaka nibaki. Nikawaambia nna mtu Maskati.

Mama yangu yuko hai, al-hamdulillah. Hatembei, na maneno yakimchosha anatukana kidogo kwa Kireno, mama mdogo hafahamu na mimi simfasirii.

Nawashukuru nyinyi. Kuna mmoja humu alinifunza kumgeuza mgonjwa bila ya kujivunja mgongo, anajijua. Kuna mwengine alikaa na mama siku mbili nilipoumwa mimi. Namshukuru yule binti wa matamshi, na mpiga gitaa, na zaidi mama mdogo, aliyeniuliza mlangoni lile swali kabla hajanipisha.

Funzo langu ni dogo. Sisi hapa tunapeana dawa, namba za madaktari, magodoro ya hewa, na vyema. Lakini kama baina yako na mgonjwa wako pana neno, usimngoje apone, wala usingoje mwenyewe uwe tayari. Hatuwi tayari. Kaa kitako mbele yake uliseme, hata kama hawezi kujibu. Sikio hutangulia ulimi kupona.

Muda wangu umekwisha. Dada uliyekaa karibu na mlango, mwenye mtandio wa kijani, ni mara yako ya nne kuja na hatujakusikia. Mimi sasa nnahama kiti hiki. Njoo ukae, mama. Na ukitaka kulia tu, lia. Hapa hakuna anayeangalia saa.