Gunia la Mama na Mikono Safi

Walimu wenzangu mliotoka Kitale, na nyinyi wenyeji wetu wa Bungoma, asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti ameniambia nizungumze juu ya blogu yangu ya darasa na vile imetusaidia. Nitazungumza. Lakini mkiniona nimekunja uso katikati ya hadithi, msidhani ni chai yenu imenichachia. Kuna mambo nikiyakumbuka mpaka leo nasikia kutema mate, na aliyeyafanya si mwingine, ni mimi.

Nafundisha Gredi ya nne, upande wa Kiminini. Blogu niliifungua baada ya semina moja hapa hapa Bungoma. Tuliambiwa mwalimu akiandika anachofanya darasani, mwalimu wa mbali atakisoma, atajaribu na wake, atauliza, na watoto watapata wasomaji wengine mbali na yule wa kalamu nyekundu. Nikapenda sana. Nilirudi nyumbani moyo umejaa. Hilo nataka mlijue, kwa sababu sikuanza na ubaya.

Sasa nyote mnajua mambo ya ushahidi, zile picha tunazodaiwa kuonyesha kwamba mtoto amefanya kazi. Mtoto akifagia, picha. Akifua soksi, picha. Akipanda mboga, picha tano. Na sisi pale shuleni tulikuwa na gunia. Ndugu zangu, nawaambia, gunia moja! Lilitoka kwa mama yangu mzazi. Yeye hupanda sukuma kwenye magunia yaliyojazwa udongo, miche inachungulia kwenye matundu ya pembeni, mboga imenona mpaka unaona haya kuichuma. Nilimwomba moja, nikalileta na wilbaro. Gredi ya nne tukapiga nalo picha. Wiki iliyofuata likasukumwa hadi Gredi ya tano, wakapiga. Kisha Gredi ya sita. Gunia moja likawa mradi wa madarasa matatu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amegusa udongo wake.

Naona kule nyuma mnacheka. Chekeni tu. Mnacheka kwa sababu na nyinyi mna gunia lenu, au fagio lenu, au ile keki ambayo mzazi alinunua dukani na mtoto akaishika kama aliyeioka.

Na mimi nilifanya zaidi. Kabla ya picha niliwapeleka watoto bombani wakanawa mikono hadi viwiko. Nikawapaka mafuta. Si ndivyo tulivyolelewa? Mgeni akija shuleni, mtoto apakwe mafuta ang'ae. Wakazunguka lile gunia wanatabasamu, mikono inameta, nikapiga. Kwenye blogu nikaandika: "Wanafunzi wangu wapanda sukuma wiki kwa mikono yao." Chini yake nikaweka maelezo ya kupanda. Sikumuuliza mama. Nilichukua kipande huku, kipande kule, kwenye mitandao ya watu, nikaunganisha. Nikaandika ati changanya udongo na mbolea ya kuku, jaza gunia, panda siku hiyo hiyo.

Wakulima mnaguna. Ngojeni.

Sifa zikaja. "Hongera Madam." "Madam, wewe ni mfano." Walimu wa Webuye, wa Matulo, wa huku milimani Elgon, wote wananipigia makofi. Nilikuwa nasoma hayo maoni nikitembea, nikila, nikisahihisha vitabu. Leo nikikumbuka vile nilivyokuwa nameza zile sifa, nachukia hata sauti ya simu ikilia. Wakati huo gunia lenyewe lilikuwa limeachwa nyuma ya darasa la sita. Hakuna aliyekuwa analimwagilia, kisha siku moja mtu akalimwagia ndoo tatu kwa pamoja ili lipendeze tena. Likaoza chini. Lilinuka hadi watoto wakawa wanazunguka mbali wakienda chooni. Na kwenye blogu bado lilikuwa kijani kibichi.

Basi kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kabuchai, mama mtu mzima, hajawahi kuniona ila kwenye simu. Yeye alisoma maelezo yangu akayaamini. Hakupiga picha, alipanda. Watoto wake walibeba mbolea ya kuku kutoka nyumbani kwao, wengine kwenye ndoo, wengine kwenye mifuko ya unga. Kila mtoto akapewa mche wake na jina lake kwenye kijiti. Kwa siku chache tu miche yote ikaungua, ikakauka, ikalala. Mbolea ilikuwa mbichi, jamani, moto kabisa! Na darasa lao likanuka kama banda.

Yule Madam hakunitukana. Aliwaambia watoto wake, "Tuwaulize wenzetu wa Kiminini, wao walifaulu." Wakaandika barua. Akazipiga picha, akanitumia kupitia blogu. Mimi kwa ujinga wangu nikaona hii ni nafasi ya kung'ara zaidi, ati blogu imeunganisha watoto wa kaunti mbili! Nikazichapisha pale saiba, duka la kompyuta la Kiminini, nikazipeleka darasani.

Mngewaona watoto wangu. Hakuna aliyewahi kuandikiwa barua. Walizishika kwa ncha za vidole, wakasomeana, hata wale ambao kusoma huwa kwao ni kama kung'olewa jino. Nikawaambia kila mmoja ajibu.

Kuna binti mmoja huketi kando ya dirisha. Mkimya, na insha zake zote huanza na Jumatatu asubuhi na mapema na jua la mashariki, kwa sababu hivyo ndivyo niliwakaririsha. Barua aliyopata ilikuwa na swali moja la mwisho. Nilikuwa sijaliona. Alinisomea kwa sauti mbele ya darasa: "Kwenye picha mikono yenu ni safi. Sisi yetu ilinuka siku mbili. Nyinyi mlipanda na nini?"

Mimi nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekanyaga kinyesi akiwa na wageni. Nikasema, "Haya, jibuni."

Yule binti aliandika mistari minne tu. Ninayo hapa, nitawasomea: "Rafiki yangu, sisi hatukupanda. Tulinawa mikono tukapigwa picha. Gunia ni la mamake Madam. Pole kwa sukuma yenu."

Walimu, hii sehemu siipendi. Niliikunja ile karatasi mkononi. Nikamwambia, "Hii si barua. Andika tena. Sema tulichimba, tukachanganya, tukapanda." Nikaitupa kwenye ndoo ya takataka pale mlangoni. Nikamsimamia akiandika. Mimi, ambaye kila Jumatatu kwenye gwaride nawaambia watoto uongo ni dhambi, nilimsimamia mtoto wa miaka kumi nikimwandikisha uongo, tena nikamrekebishia nukta.

Akamaliza. Hati nzuri, hakuna kosa. Akaniletea, akauliza, "Madam, hii ndiyo utaweka tiki?"

Nikasema ndiyo.

Akauliza tena, bila ujeuri wowote, "Na sasa sukuma yao itapona?"

Nilitazama ule mwandiko mzuri. Nikatoka nje nikashika ukuta. Kule Kabuchai kuna watoto walikuwa wanangoja nao waambiwe cha kufanya, na mimi nilikuwa karibu kuwatumia uongo mwingine wenye hati nzuri. Wangeujaribu huo pia. Wangeungua tena, na safari hii wangeamini makosa ni yao.

Niliporudi, ile ndoo ilikuwa imemwagwa kwenye pipa la jikoni. Nikaenda. Pipa limejaa masalia ya uji, maganda ya ndizi, nzi wamejaa. Nikakunja mkono wa sweta nikaingiza mkono hadi hapa kwenye kiwiko. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa anapita. Akasimama.

"Madam, umepoteza nini?"

"Barua ya mtoto."

"Si aandike ingine?"

"Ameandika. Hiyo ingine ndiyo sitaki."

Akanitazama vile mtu hutazama mlevi mchana, akaenda zake. Nikaipata ile karatasi chini, imelowa uji. Nikaikausha juani kwenye dirisha la darasa, watoto wote wakiona. Nikamwambia yule binti, "Hii ndiyo barua. Mimi ndiye nilikosea." Aliitikia kwa kichwa tu, akarudi kuketi. Mimi nilitarajia labda atalia, au mimi nitalia. Hakuna aliyelia. Kulikuwa na somo la Hisabati.

Jioni ile, kabla jua halijatua, nikaiweka barua kwenye blogu, na madoa yake. Chini nikaandika ukweli wote: gunia, bomba, mafuta, maelezo ya kuokoteza. Kisha nikampigia Madam wa Kabuchai.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Madam, kuna mtoto hapa alikuwa anabakisha maji yake ya kunywa ampe mche. Kila siku. Unajua nilimwambia nini ulipokauka? Nilimwambia labda hakuupenda vya kutosha." Akakata simu.

Nawaambia, mtu anaweza kukutukana na usiumie hivyo.

Shuleni nako hakukukalika. Naibu aliniita ofisini. "Umetuchoma sisi wote, bana. Hizo picha za Gredi ya sita sasa watu watasema nini?" Nikamwambia watasema kweli. Mpaka leo tukikutana korido moja anageukia mbao za matangazo. Na wale wa "hongera Madam" walipotea. Wengine waliandika ati najitafutia umaarufu kwa kuaibisha walimu. Ilinichukiza, lakini ilinichukiza zaidi kwamba kuna siku nilizihitaji sifa zao.

Nikaenda kwa mama. Nikamweleza habari ya mbolea. Akaacha kupepeta maharagwe, akaniangalia.

"Mbolea ya kuku hukaa kwanza mpaka ipoe. Kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe uliomba gunia."

Siku ya nne Madam wa Kabuchai akaandika kwenye blogu, mstari mmoja: "Watoto wangu wamesoma barua yenye madoa. Wanauliza, sasa mko tayari kupanda?"

Hapo ndipo nililia.

Tukaanza upya, madarasa yote mawili. Mama yangu alikuja shuleni na leso yake kichwani, akawafundisha watoto kuingiza mkono kwenye rundo la mbolea na kusikia joto. Kila Ijumaa walipima, wakaandika, nikaweka kwenye blogu yale waliyoandika wao, na makosa yake. Kabuchai wakasoma, wakafanya vivyo hivyo. Sukuma yetu iliposhika, wadudu wakaikata shingo usiku mmoja. Watoto wakaandika wamekasirika, hakuna Jumatatu na mapema wala jua la mashariki. Jibu likaja kutoka Kabuchai: wekeni jivu kuzunguka mche, lakini lisiguse shina. Mwalimu wa Matulo akachukua vipimo vyetu vya urefu akafundishia darasa lake grafu. Wa Elgon akauliza kama kwao kwenye baridi mbolea inapoa haraka, na watoto wakabishana juu ya hilo wiki nzima. Yule binti wa dirishani sasa anaandika kurasa tatu na kuniomba karatasi. Siku hizi ana mtu wa kumwandikia, na mtu huyo humjibu.

Sitawadanganya, mavuno yetu ya kwanza yalikuwa na matundu kama chujio. Tulipika hivyo hivyo, tukala.

Basi nimshukuru mama, ambaye angenieleza kila kitu kama ningekuwa na adabu ya kuuliza. Namshukuru yule binti, ambaye hayupo hapa na sitamtaja. Na Madam wa Kabuchai, umeketi hapo safu ya pili na umekataa kusimama. Uliniamini mara ya kwanza nikakuharibia, ukaniamini mara ya pili. Yule mtoto wa maji ya kunywa, nimefurahi umenionyesha mche wake mpya kwenye simu asubuhi hii. Umemfikia kiunoni.

Somo langu ni dogo. Blogu si ubao wa kutundika vyeti. Ukiandika, kuna mwalimu mahali ataamka kesho akafanye ulichosema, na watoto wa watu.

Kabla hatujafunga kwa maombi, naomba kitu. Toeni simu zenu. Ndiyo, sasa hivi. Fungua picha ya mwisho uliyoweka ya watoto wako wakifanya kazi. Usitazame nyuso, nyuso tuliwafundisha kutabasamu. Tazama mikono.

Chukueni muda wenu. Mimi nimesimama tu hapa.