Barua ya Onyo Katika Faili la Shangazi wa Masjala

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi wa masjala ya wagonjwa anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika hospitali hii ya chuo kikuu. Mkuu wa kitivo atamkabidhi saa ya ukutani. Tutapiga makofi, maana adabu tunayo. Lakini kabla ya makofi, tufanye hesabu.

Aliingia hapa akiwa tarishi mwenye cheti cha darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kupeleka mafaili wodini: safari ishirini na mbili kwa siku, ngazi arobaini na nane kila safari. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya akiwa na miaka thelathini na sita, chumba kimoja na mpwa wake, akampita kwa alama mbili kwenye hesabu. Mpaka leo mpwa hataki kusikia habari hiyo.

Miaka kumi na tisa iliyopita chuo kilianzisha shahada ya mifumo ya taarifa za afya. Kilikuwa na walimu watano wasomi kwelikweli, na hakikuwa na hata mmoja aliyewahi kumwandikisha mgonjwa. Basi wanafunzi wakaletwa kwa Shangazi, wiki mbili tu, tukaambiwa. Wiki mbili hizo zimezaa makundi kumi na tisa, wanafunzi 1,140. Kwenye ratiba, mahali pa jina la mkufunzi wa vitendo pana kistari tangu mwaka wa kwanza. Kistari hakifundishi, jamani. Aliyefundisha ni mtu.

Na alifundisha! Somo la kwanza lilikuwa kumweka mwanafunzi dirishani amuulize mgonjwa amezaliwa lini. Mzee mmoja akajibu, “Mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji.” Kijana akaitazama skrini, skrini nayo ikamtazama.

“Haya, profesa wangu,” Shangazi akamwambia, “mashine inataka tarehe, mzee anakupa daraja. Fanya kazi!”

Asiyeijua siku yake tunamkadiria mwaka, kisha tunamwandika Januari mosi. Ndiyo maana nusu ya wazee wetu wamezaliwa siku moja. Shangazi alisema hospitali ikiamua kuwafanyia sherehe, keki haitatosha.

Kila mwanafunzi wake anayajua haya. Wakubwa hawakuuliza. Miaka saba iliyopita mfumo mpya wa kompyuta ulipowekwa, mkuu wa idara wa wakati huo, ambaye ndiye mkuu wa kitivo wa leo, aliagiza madaftari yote ya usajili yateketezwe ndani ya siku kumi na nne. Shangazi aliyafungia kabatini yote kumi na moja. Mwezi uliofuata idara ikaamua kusafisha taarifa: jina moja, jinsia moja, tarehe moja ya kuzaliwa, basi ni mtu mmoja. Mashine ikatii. Mafaili 2,316 yakawa 1,048, na idara ikajipongeza kwa usafi.

Jumanne moja asubuhi, baada ya usafi huo, mama mmoja alifika dirishani kuthibitisha karatasi zake kabla ya upasuaji. Faili lilisema amejifungua mara mbili kwa kisu, na kundi lake la damu lilikuwa limeandikwa humo humo.

“Mwanangu,” yule mama akamwambia mwanafunzi aliyekuwa dirishani, “mimi hata kuzaa sijawahi. Hao watoto nipe basi, nitawalea.”

Watu dirishani wakacheka. Shangazi hakucheka. Alipiga simu chumba cha upasuaji: “Huyo asiguswe. Damu iliyo kwenye faili si yake.” Kisha akalifungua kabati. Daftari lilikuwa na vitu ambavyo mfumo haukuwa navyo: jina la mama mzazi, mtaa, ndugu wa karibu. Kwa siku tisa, yeye na wanafunzi wanne waliyatenganisha mafaili moja baada ya jingine, hadi yakabaki kumi na saba tu yaliyowashinda. Hakufa mtu.

Mkuu wa idara alikwenda kwenye mkutano wa kitaaluma kueleza jinsi idara yake ilivyogundua kasoro na kuirekebisha. Alirudi na ngao, ipo ofisini kwake, kioo chake kinafutwa kila siku. Shangazi alipewa barua ya onyo kwa kukaidi agizo la kuteketeza madaftari. Barua hiyo haijatoka kwenye faili lake hadi leo.

Mtu atasema yaliyopita si ndwele. Hii ni ndwele. Mwezi Machi Shangazi aliomba mkataba wa ukufunzi wa muda ili aendelee kufundisha akishastaafu. Alijibiwa kwa maneno sita: “Mwombaji ana onyo katika faili lake.” Kundi jipya linaanza vitendo Jumatatu, wanafunzi themanini na wanne, na ratiba inasema watatazama video. Video haina dirisha, na hakuna mzee wa kuikosoa. Hao themanini na wanne ndio watakaoamua, katika hospitali nyingi, nani ni nani.

Sisi wafanyakazi arobaini na mmoja tumetia saini ombi la kuifuta barua. Liko mezani kwa mkuu wa kitivo tangu tarehe 2 Juni. Barua ya onyo ina mistari kumi na mmoja. Kuifuta kunahitaji mmoja, na kalamu tutaleta wenyewe.

Shangazi, ahsante kwa subira yako, kwa masihara yako, na kwa wagonjwa ambao hawatajua kamwe kwamba uliwarudishia majina yao. Mungu akupe afya, akupe na usingizi wa mchana ulioukosa miaka yote hii. Tunakutakia mapumziko mema, ila si mapema hivi. Jumatatu saa mbili asubuhi kiti chako kitakuwa dirishani, na hatutamruhusu mtu kukikalia.