Ziara Iliyopigiwa Makofi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1965, na mwaka 1970 akaajiriwa na Wizara ya Utamaduni kuwa mcheza ngoma, hadi akawa mwalimu wa kikundi cha taifa. Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa mabinti watatu, ambao aliwafundisha kucheza jikoni, meza ikiwa imesukumwa ukutani.

Agosti 1984, mgogoro wa mpaka ukiwa umepamba moto, wizara ilimpeleka nchi jirani na wachezaji kumi na wanane, kwa ndege ya jeshi, ikisema ngoma italainisha mioyo iliyowashinda mabalozi. Walicheza siku sita katika mji mmoja wa mpakani, uwanja ukafurika, na kaka alilala kwa mama mmoja mshonaji, aliyewashonea nguo zilizochanika na kukataa malipo. Siku ya kumi na moja baada ya wao kurudi, ndege zetu ziliupiga mji ule kwa mabomu. Kaka alikwenda kwa mkurugenzi kuuliza walikuwa wametumwa kufanya nini, akajibiwa kwamba kazi yake ilikuwa kucheza, na amecheza. Taarifa iliyosema ziara ilifana niliiandika mimi, karani wa ofisi hiyohiyo, mabomu yakiwa yameshaanguka, nikapandishwa cheo.

Hakuacha kazi, maana mabinti walikuwa wanasoma, lakini nyumbani hakucheza tena. Alistaafu mwaka 2006, na mwaka 2009 akapanda basi hadi mji ule, akamkuta yule mama, akamwomba radhi. Mama alimpa kiti, akamwambia, "Mlicheza vizuri, baba. Watoto waliposikia ndege walitoka mbio kuzipokea, wakidhani ni nyinyi mmerudi."

Aliugua figo tangu 2019, akafariki tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wachezaji wenzake. Wizara imetuletea salamu zinazosema kaka alijenga urafiki wa mataifa. Kabla ya kufa aliniomba nisisome salamu zozote za wizara, na sizisomi. Kwa taarifa ile hakuwahi kunilaumu, nami sikuwahi kumwomba msamaha, miaka yote tuliyokula meza moja.

Kaka, naomba leo, nimechelewa. Pumzika kwa amani.